Tumbo la Filamu

Kuku ndiye aliyemwingiza Mwavita chumbani kwa mkamwana wake. Kwa hiari yake mwenyewe asingevuka ule mlango. Mama mkwe haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe, iwe kule Uvira, Kongo, alikozaliwa, iwe hapa Carama, ng'ambo ya mpaka, anakoishi sasa. Hilo hata mtu asiyekanyaga kanisani analijua. Lakini yule kuku mwekundu alikuwa na tabia ya kutaga popote alipoona giza, na Jumapili ile, Laure akiwa misani, mlango ulibaki wazi kidogo. Mwavita akamwita kuku kwa punje za mtama, kuku akakataa. Akamwita kwa matusi, kuku akakataa vilevile. Basi akapiga magoti, akapenyeza mkono chini ya kitanda akitafuta mguu wa kuku, akashika tumbo.

Alilivuta mpaka kwenye mwanga wa mlango. Tumbo la mimba iliyokomaa, la mviringo, limechongwa kwa sponji ya godoro na kuvishwa kitambaa cha rangi ya ngozi. Katikati kulikuwa na kitovu. Kifungo cha shati kimeshonewa kwa ndani kikatokeza kitovu kabisa. Lilikuwa na mikanda miwili ya kufungia mgongoni. Mmoja ulikuwa umekatika, na mtu alikuwa anaushona, maana sindano na uzi vilikuwa bado vinaning'inia.

Mwavita akakaa sakafuni na lile tumbo mapajani, kama mtu aliyeombwa amshike mtoto wa mwenzake kidogo. Kuku akatoka mwenyewe, akapita akitangaza yai lake.

"Ee Mungu wangu," Mwavita akasema. "Sasa mjukuu wangu iko wapi?"

Mjukuu huyo alimsubiri kwa muda mrefu. Katika watoto aliowazaa, Trésor peke yake ndiye aliyebaki hai, na Trésor alikuwa fundi wa mabomba huko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, akirudi nyumbani kama mvua ya kiangazi. Mwaka uliotangulia Laure alishika mimba ikatoka mapema. Siku ile Mwavita alilia mpaka majirani wakadhani aliyefiwa ni yeye. Mimba hii ya sasa hakuambiwa na Laure. Aliambiwa na Trésor kwa simu, naye akaongeza, "Lakini mama, usimsumbue, unajua kwao hawapendi kuisema."

Kwao ni Gihosha, kwa mwalimu Népomuscène. Wazazi wa Laure ni watu wa adabu zao, wa kusema polepole na kuficha mengi. Mimba kwao haitangazwi. Mwanamke huvaa nguo pana, watu wakajionea wenyewe. Kwa kina Mwavita mambo ni mengine. Mama mkwe hukaa na mkamwana wake kila jioni, akampaka tumbo mafuta ya mawese, akamwambia mtoto maneno mazuri kupitia ngozi. Mara ya kwanza Mwavita alipoleta chupa ya mawese, Laure alirudi nyuma hatua nzima.

"Apana, mama, asante. Mi nimechoka leo."

Kesho yake alikuwa amechoka. Na wiki iliyofuata pia. Mwavita hakuwa mtu wa haraka. Alirudisha chupa kabatini, akaweka neno moyoni.

Neno la pili lilikuwa la uji. Kila jioni alimpikia Laure uji wa mtama, akamtilia katika kikombe chake cha bati chenye maua mekundu, kikombe alichovuka nacho mpaka alipokimbia vita. Laure alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia nacho chumbani. Kikombe kilirudi kitupu. Ila asubuhi moja Mwavita alipokuwa anamwaga majivu nyuma ya nyumba, aliona siafu wamejipanga kwenye shina la mgomba, na alipoinama aliona uji, wa jana, wa juzi, tabaka juu ya tabaka, umekauka kama plasta ya fundi.

Ni mjamzito gani huyo anayeficha tumbo na kulisha migomba?

Neno la tatu lilikuwa jipya. Kikombe chenyewe kilipotea. Kilemba chake cha zambarau nacho kikapotea, kile cha kwendea kanisani. Mtu akichukua nguo yako ya kichwani na chombo unachopenda, haendi kuvifanyia sala.

Na sasa tumbo hili. Mwavita akalirudisha chini ya kitanda jinsi alivyolikuta, sindano ikiangalia ukuta, akachukua yai lake, akafunga mlango.

*

Rafiki yake Caritas alikaa nyumba ya tatu. Alikuwa mwuza mboga, akizunguka na beseni la lengalenga kichwani mpaka mageti ya Mutanga Nord, na hapakuwa na jambo la nyuma ya geti asilolijua. Zaidi ya hayo alikuwa na televisheni. Wanawake wa pale Jumapili mchana walikusanyika kwake kutazama filamu, zile ambazo mtu mmoja anasema Kiswahili juu ya sauti za wote, akiwa ni mume, ni mke, ni polisi na ni mbwa.

Mwavita alizipenda, lakini mambo ya uzazi humo yalimchekesha. Mwanamke atatapika mara moja tu, tena ndani ya sinki nzuri, na hapohapo kila mtu anajua. Ukifumba jicho tumbo limekuwa mlima, naye ameshika kiuno anapanda ngazi. Halafu atakuwa mahali pa watu wengi, maji yatamwagika kama ndoo imepigwa teke, atapiga kelele, gari litawahi, na mtoto atatoka ameshaota nywele, mkavu, wa miezi mitatu. Mama yake amelala na rangi yake ya mdomo. Mwavita alikuwa amezaa mara sita. Alijua kwamba uchungu huanza kimyakimya, mtu akiwa anachambua maharage, akajiuliza kama ni maharage ya jana. Hilo hakuliona katika filamu hata moja.

Lakini kulikuwa na filamu moja aliyoiamini. Mke wa tajiri hakuzaa, akafunga mto tumboni miezi yote, na siku ilipofika akaenda hospitali akaiba mtoto wa maskini. Jumapili ile, baada ya wengine kuondoka, Mwavita alipomweleza Caritas kuhusu sponji, wote wawili walifikiria ile ile.

"Si nilikuambia?" Caritas akapiga paja. "Mi nilimuona na macho yangu haya, Mutanga Nord, anashuka kwenye gari. Tumbo hivi! Ameshika mugongo. Nikasema, eh, asubuhi nilimupita kwa kisima alikuwa na katumbo kama ka mutu aliyekula ugali, sasa saa sita tayari ni mapacha?"

"Ulisema ulimufananisha tu."

"Nilisema hivyo juu we unaogopa maneno. Mama Trésor, fungua macho. Ile kitu itakapofika miezi, ataenda kuiba mutoto ya mutu. Na polisi watakuja kwa nani? Kwa mama ya nyumba."

"Laure si mwizi."

"Hata yule wa filamu hakuwa mwizi mwanzo."

Mwavita akazungusha pete yake. "Na kilemba changu? Na kikombe? Mwizi wa mutoto anafanya nini na kilemba?"

Caritas akafikiri. Hakuipata filamu yenye jambo hilo. "Hiyo sasa ni uchawi," akasema kwa sauti ya chini, akiridhika.

Trésor alipiga simu jioni, kama kila Jumapili. Mwavita alishika simu kwa mikono miwili. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alijua akilitoa, mwanawe angevuka ziwa siku hiyohiyo, na ndoa ingekwisha mbele ya majirani. Na kama neno ni la uongo, mjukuu angezaliwa Gihosha, akakua Gihosha, akamjua bibi yake kwa kusimuliwa tu.

"Mama, uko kimya. Laure iko mzima?"

"Iko. Anashona."

"Anashona nini?"

"Vitu vya mutoto," Mwavita akasema. "Nipigie Jumapili ijayo. Nitakuwa na la kukuambia."

*

Jumatano gari lilimchukua Laure barabarani. Alikuwa amesema anakwenda kupima mimba. Mfuko mkubwa aliobeba ulikuwa umetuna, na Mwavita alijua kilichomo. Alihesabu pumzi zake, akafunga kilemba kibaya kilichobaki, akamfuata Caritas. Mafuta ya gari yalikuwa ya shida siku zile na mabasi hayakuonekana, wakatembea, Caritas mbele na beseni lake, mpaka Mutanga Nord, kwenye geti la chuma la bluu.

"Ni hapa. Mi nitangoja na mboga. Ukipiga kelele, nitaingia."

"Na nisipopiga?"

"Nitaingia vilevile."

Geti halikufungwa. Ndani ya uwanja kulikuwa na nyaya chini kama nyoka, taa kubwa za miguu mitatu mchana kweupe, na vijana wengi waliosimama bila kufanya kitu. Mwavita hakuwahi kuona hospitali ya namna hiyo. Kabla hajasema hodi, mwanamume mwembamba mwenye kofia alimkimbilia mikono imefunguliwa.

"Mama! Hatimaye! We ndiye uliyetumwa kutoka Kinama, sivyo? Karibu sana, mi ni Jovithe, filamu ni yangu. Yule mama wa kwanza ametukimbia, mchungaji wake amemukataza kucheza mchawi. Lakini we..." Akarudi nyuma, akamtazama kutoka juu mpaka kwenye kandambili. "We uko muzuri zaidi yake. Tazama hiyo sura! Hata kukupaka kitu haihitaji."

Mtu mwingine angesema palepale kwamba siye. Mwavita alipiga hatua moja ndani. Aliona kwamba mlango anaoutaka ulikuwa unafunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, na asiye na haraka huingia mpaka sebuleni.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Kidogo tu. We ni mama mukwe. Humupendi muke wa mutoto wako, unataka mimba itoke. Umepika uji, umetia dawa. Unaingia, unamupa, unatabasamu hivi, upande." Jovithe akatabasamu upande. "Yeye atasema neno, na we utajibu neno, mi nitakunong'oneza. Leteni nguo za mama!"

Kijana akaleta nguo za mama. Zilikuwa kilemba cha zambarau na kikombe cha bati chenye maua mekundu.

Mwavita alivipokea. Alifungua kilemba, akaona pindo alilolishona mwenyewe kwa uzi wa bluu baada ya zambarau kumwishia. Ndani ya kikombe kulikuwa na maji yaliyokorogwa na unga mbichi. Akajifunga kilemba polepole, na Jovithe akamwambia mwenzake, "Unaona? Anakifunga kama ni chake."

Chumba walichomwingiza kilikuwa cheupe, na kitanda kilikuwa cheupe, na juu ya kitanda, chini ya taa, alilala Laure. Amepakwa rangi ya mdomo. Nywele zimetawanywa vizuri juu ya mto. Tumbo la sponji lilisimama chini ya shuka kama kilima, na mkono wake mmoja ulikuwa juu yake, jinsi wale wa kwenye televisheni wanavyoweka.

Laure aligeuza kichwa, akaona ni nani anayeingia na kikombe.

Macho yalimtoka. Akajivuta mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Hofu nzuri sana, Laure!" Jovithe akanong'ona nyuma ya kamera. "Usiache! Mama, endelea, endelea, mupe."

Mwavita akaendelea. Akafika kando ya kitanda, akanyoosha kikombe. Hakutabasamu upande wala mbele. Alimtazama mkamwana wake, na mkamwana akamtazama, na watu wote wale wakabana pumzi wakidhani ni kazi.

"Neno lako, Laure," Jovithe akanong'ona.

Laure alisema kwa sauti ambayo Mwavita hakuwahi kuisikia nyumbani, sauti ya mtoto aliyefungiwa. "Mama. Onja kwanza."

"Na we, mama, unakataa. Sema: uji wa mwenye mimba hauonjwi."

Mwavita akageuka. "Nani amekuambia hayo maneno?"

"Ni ya filamu, mama. Sema tu."

Hayakuwa ya filamu. Yalikuwa yake. Aliyasema mwaka uliopita jikoni kwake, akicheka, Laure alipomwuliza mbona yeye hanywi kidogo. Akayasema kama mtu anayesema usiku mwema, akasahau. Kumbe yalikuwa yameokotwa, yakawekwa. Sasa yamevishwa kilemba chake na kupewa kikombe chake, na mji mzima ungeyasikia yakitoka kwenye mdomo wa mwuaji.

Alielewa siafu. Alielewa mgomba.

Akainua kikombe, akanywa. Hakuonja; alikunywa mpaka mwisho, unga mbichi ukimkwama kooni, akapindua kikombe ili kila mtu aone kimeisha.

"Coupez! Kateni, kateni!" Jovithe akavua kofia. "Mama! Ukinywa we, filamu imekwisha! Watu watatazama nini?"

"Basi imekwisha," Mwavita akasema, akijipangusa mdomo. "Na sumu yenu haina hata sukari."

Kijana mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka.

"Jovithe," Laure akasema kutoka kitandani, "huyu si mama wa Kinama. Ni mabukwe, mama mukwe wangu. Mama wa Trésor."

Jovithe akatazama kilemba, akatazama kikombe, akakaa juu ya sanduku la taa.

Mwavita akavuta kiti. "Vua hicho kitu."

Laure akafungua mikanda. Tumbo likaanguka sakafuni bila sauti, likabingirika, kitovu kikaangalia dari. Chini yake alikuwa amejifunga kikwembe cha kitenge raundi mbili, na kikwembe kilikuwa na uvimbe mdogo, uliochongoka, kama papai changa. Mwavita alilitazama hilo la pili kwa muda mrefu kuliko la kwanza. Mtu aliyekwisha kuona tumbo moja likivuliwa hana haraka ya kuamini la chini yake.

"Kama iko na la kweli," akamwuliza Jovithe, "mbona mmemuvisha la uongo?"

"La kweli halionekani, mama. Ni kadogo. Watu wakitazama filamu wanataka kuona tumbo."

"Watu gani hao wasiojua tumbo?"

Jovithe akavaa kofia yake tena. Akasema wapumzike kidogo, akawatoa vijana wake nje.

Walipobaki wawili, Laure alianza kulia, rangi ya macho ikishuka. "Nilijua ukisikia nacheza filamu utamwambia Trésor mi ni malaya."

"Ningemwambia. Hilo tuliache. Kilemba changu umekivalisha uchawi."

"Sikutaja jina lako, mama."

"Ulichukua kikombe changu. Jina ni nini zaidi ya hapo?"

Laure akajifuta kwa shuka. Maneno yakatoka kwa pamoja, kama yalikuwa yanangoja mlangoni. "Mwaka ule nilikunywa uji wako jioni. Asubuhi damu. Mama yangu Adélaïde alikuja, swali lake la kwanza: alionja? Nikasema apana. Akauliza tena: ulimwomba aonje? Nikasema nilimwomba, akacheka, akasema hauonjwi. Mama yangu hakusema kitu kingine. Alinitazama tu. Na nikirudi kwa Caritas, kila filamu, mama mukwe anatia kitu kwenye chakula. Kila filamu, mama! Mi nifikiri nini? Kwetu hata bia, mwenye kukupa anakunywa kwanza, unaona koo lake linameza, ndiyo unapokea. Asiyeonja ana neno."

"Kwenu."

"Kwetu, ndiyo."

"Na kwetu," Mwavita akasema, "kikombe cha mwenye mimba ni cha mutoto. Ukiweka mdomo humo umemuibia. Atazaliwa mwembamba, mwenye uchu, analia kila akiona mutu anakula. Marehemu mama yangu hakugusa hata kijiko changu. Mi nilijizuia, Laure. Uji unanukia, njaa inaniuma, najizuia, nasema ni wa mjukuu."

Nje Caritas alikuwa anamwuzia kijana wa taa lengalenga, na kumwuliza maswali.

Wakatazamana, mkwe na mkamwana. Kuelewa walikuwa wameelewa. Kuamini ni safari nyingine.

"Mi nilifikiri utaiba mutoto hospitali," Mwavita akasema.

"Mimi?"

"Tumbo chini ya kitanda! Ningefikiri nini? Kuku alinionyesha."

"Uliingia chumbani kwangu?"

"Kuku aliingia."

Laure akatoa kitu kilichokuwa nusu kicheko na nusu kwikwi. Mwavita akasimama, akavikusanya vitu vyake. Mlangoni alimwambia Jovithe atafute kikombe kingine na kilemba kingine, na kama anataka maneno ya mchawi ayatunge yeye.

"Lakini mama," Jovithe akajaribu, "ile hofu mliyofanya mule ndani, sijapata kuona..."

"Na hutaiona tena."

Getini Caritas alimrukia. "Je? Ni mto?"

"Ni sponji."

"Nilikuambia!"

"Na labda mutoto pia," Mwavita akasema. Caritas akawa kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

*

Jioni ile jua lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo Mwavita alipoweka sufuria. Alichekecha unga, akakoroga, akatia sukari, akazima moto wakati uji ulipoanza kutoa macho. Laure alikuwa amekaa kwenye kibaraza, uso umeoshwa, nguo yake pana mwilini. Kuku mwekundu alizunguka miguuni pake akitafuta njia ya kuingia ndani.

Mwavita akatoka na kikombe chenye maua mekundu. Alisimama mbele ya Laure, na kwa muda akashindwa. Mkono ulikataa. Alimwona mama yake marehemu akitikisa kichwa. Alimwona mtoto mwembamba, mwenye uchu, akilia kila mtu anapokula.

Nisamehe, mjukuu wangu, akasema moyoni, ni kidogo tu. Akanywa funda moja.

Laure alimtazama kooni. Hakuficha kwamba anamtazama kooni. Akapokea kikombe, akakiweka gotini, akangoja. Barabarani mtu alipita na baiskeli yenye ndizi. Mwavita akakaa chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akaendelea kuwa hai.

Ndipo Laure akanywa. Alikunywa taratibu mpaka nusu, kisha akasimamisha kikombe, akachungulia ndani, akamrudishia.

"Onja tena, mama. Na cha chini."

Mwavita alitaka kukasirika. Kisha akakumbuka filamu ile ambayo dawa ilikuwa imetulia chini ya bilauri. Waliitazama pamoja, bega kwa bega, kwa Caritas, na yeye Mwavita ndiye aliyepiga kelele kumwonya yule mke asimalize. Akakoroga kwa kidole, akanywa cha chini, akarudisha.

Laure akamaliza, akalamba mdomo. "Ni mutamu," akasema, kama mtu aliyeshangaa. "Miezi yote hii ulikuwa mutamu hivi?"

"Waulize siafu."

Kikombe kikabaki kati yao kwenye mkeka. Mwavita alijifuta mkono kwenye kikwembe chake, akaunyoosha, kiganja juu, bila kusema. Zamu yake ilikuwa imefika, na wote wawili walijua. Jumapili Trésor atapiga simu, na Mwavita alimwahidi kuwa na la kusema.

Laure alitazama ule mkono. Alitazama barabarani kama kuna mtu anayeona. Kisha akapandisha nguo pana, akalegeza kikwembe raundi ya kwanza, akalegeza ya pili, akaushika mkono wa mama mkwe wake na kuuweka kwenye ngozi.

Ilikuwa ngozi. Ya moto, iliyokazika, yenye mstari mweusi katikati. Hakuna kifungo cha shati. Mwavita akafumba macho. Akangoja.

"Hachezi," akasema.

"Analala, mama."

"Nitangoja."

Wakakaa hivyo, kivuli cha nyumba kikitambaa uwanjani mpaka kikagusa mgomba. Laure alianza kusema mkono ule unamlemea, na hapohapo kitu kikapiga kiganja cha Mwavita kutoka ndani, mara moja, kwa hasira, kama kuku anayefukuzwa kwenye kiota chake.

Laure akamtazama usoni. "Umesikia?"

Mwavita alisogeza kiganja kidogo upande, akakikaza, akaendelea kungoja teke la pili. Maana la kwanza, alijua mwanamke aliyezaa mara sita, linaweza kuwa ni uji tu.